Baba Alipokonvinsiwa

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa masomo ya jioni aliandika neno moja ubaoni, akapangusa chaki mikononi, akauliza nani anajua maana yake. Neno lenyewe lilikuwa convince. Mimi, mama mtu mzima mwenye watoto sekondari, ambaye tangu tuanze muhula nilikuwa nimejificha nyuma ya fundi baiskeli mwenye mgongo mpana kama mlango wa godauni, nikajikuta nimenyoosha mkono.

"Ndiyo, mama," mwalimu akasema kwa furaha, maana hakuwahi kuuona mkono wangu.

"Ni kumwibia mtu ng'ombe."

Darasa lilicheka. Nikisema lilicheka mnielewe vizuri: mabati yalilia juu ya paa, mbwa wa mtaa wa pili wakabweka, na nina hakika kule Kipili ziwani wavuvi waliacha nyavu wakaulizana kumetokea nini Sumbawanga. Fundi baiskeli aligeuka kunitazama machozi yakimtoka. "Dada Skola," akasema, "kwa Kiingereza hicho utatufungisha jela wote."

Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, alisubiri kelele zitue. "Hapana, mama. Ni kumwelewesha mtu mpaka yeye mwenyewe akubali moyoni kwamba jambo ni kweli." Kisha akalipanga lile neno na ndugu zake: persuade, coax, cajole, lure, deceive. Akasema yote ni ya kumvuta mtu kwa ulimi, ila kila moja lina kipimo chake cha ukweli na uongo, kama mboga na chumvi. Wenzangu wakanakili. Mimi nilibaki nimelikodolea macho lile la kwanza, lilivyokaa pale juu safi halina hatia, kama mtu uliyemchukia maisha yako yote halafu unaambiwa hakuwa yeye.

Maana kwetu neno hilo lilikuwa tusi. Na lilianza kuwa tusi mwaka ule nilipovishwa nira.

Wenzangu mliokulia Ufipa mnaukumbuka ule mwezi kabla ya mvua. Uwanda umekauka mpaka unaona moshi wa kijiji cha watu usiowajua. Upepo unapita hauna mti wa kuuzuia, unachukua vumbi lote la dunia na kulimwagia mama zetu kwenye ungo. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, mchana jua linakutafuta wewe peke yako. Na wanaume wote, hata wale wasioongea na wake zao, wanasimama uani wakitazama mawingu kama wanaosubiri basi.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kaengesa, mbali kidogo na misheni, lakini kengele ya kanisa tuliisikia upepo ukitaka. Baba alikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia, Waziri na Karani. Waziri alikuwa mweusi, mkubwa, mvivu, anayesukumwa ndipo aanze. Karani mwekundu, mwembamba, ndiye aliyefanya kazi yote. Baba alicheka kila mara alipowaita, na sisi tukacheka naye, ingawa utani wenyewe niliuelewa nikiwa nimeshazaa. Asubuhi nilikuwa naegemeza mgongo ubavuni kwa Karani kuota joto. Harufu yake, ya majani makavu na maziwa yaliyochacha, ndiyo harufu ya utoto wangu.

Siku moja Mama alirudi kisimani na habari. "Kuna mgeni kijijini," akamwambia Baba. "Ana viatu vinavyong'aa utadhani vina taa ndani. Anapita nyumba hadi nyumba anawakonvinsi wenye ng'ombe."

"Anawafanyaje?"

"Ndivyo anavyosema mwenyewe. Mimi najuaje?"

Mimi nilijua. Mtu anayepita nyumba hadi nyumba kutafuta wenye ng'ombe ni mmoja tu, bwana mifugo, na kazi yake ni moja tu, sindano. Kwa hiyo kukonvinsi ni kuchanja. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia walipomaliza kuchanja ng'ombe walikuja wengine wakachanja watoto, sikungoja kuulizwa. Mgeni alipoonekana njiani nilipanda ngazi nikaingia ndani ya kihenge, nikajilaza juu ya mahindi machache yaliyobaki, panya na mimi tukawa majirani.

Ndiyo sababu nilisikia kila kitu. Kihenge kilikuwa uani, na viti viliwekwa chini yake penye kivuli.

Harufu ndiyo iliyotangulia, mafuta ya nywele, matamu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kisha ikaja sauti. Wenzangu, nimesikiliza mapadri, wanasiasa na wauza dawa za mende stendi, lakini sauti kama ile sijaisikia tena. Ilikuwa haipandi wala haishuki. Ilikuwa kama mtu anayekupaka mafuta mgongoni.

"Mzee wangu," ikasema, "nimezunguka Rukwa nzima. Wenye ng'ombe nimewaona wengi. Mwenye akili ndiye niliyekuwa namtafuta, na nimefika."

Baba akakohoa. Baba alikuwa hakohoi ila akifurahi.

"Mimi simlazimishi mtu. Mimi kazi yangu ni kukonvinsi tu. Ukikataa, nanyanyuka, nakwenda, na tunabaki ndugu."

Basi akaeleza. Kulikuwa na trekta. Jekundu. Lipo tayari Sumbawanga mjini, limefunikwa turubai, linasubiri wenyewe. Wenyewe ni sisi. Kila nyumba inatoa jozi yake ya ng'ombe, jozi zinakusanywa, trekta linakuja, linalima kijiji kizima kabla tope la mvua ya kwanza halijakauka, mwaka huu na mwaka ujao na mpaka wajukuu. Baba angekuwa mwenyekiti wa trekta. Wengine wangekuja kwake kuuliza zamu. Alipofika kwenye uenyekiti Baba alikohoa mfululizo nikadhani amepaliwa.

"Linakula nini hilo trekta?" Sauti ya Mama, kutoka mlango wa jikoni.

"Mafuta, mama."

"Na mafuta yanaota wapi hapa kwetu?"

Mgeni akacheka, kicheko laini. "Mzee, nimempenda huyu mama. Nyumba yenye mwanamke mwerevu haina haja ya mlinzi. Mama, kila swali ulilonalo, Mzee atalijibu, maana yeye tayari ameshakonvinsika."

Mnaona alivyofanya? Alimvika Baba kilemba cha ukoka, na Mama akamfunga mdomo kwa sifa. Mama akarudi kwenye moshi wake. Mimi juu kule nilikuwa nasubiri kilio cha Baba sindano itakapoingia. Hakikuja. Nikamwona kwenye tundu la kihenge anapeana mkono na mgeni, anatabasamu, nikasema moyoni baba yangu ni simba, kachanjwa na hakulia.

Jioni, wakati wa ugali wa ulezi, nilimpekua mkono wa kushoto kutafuta kovu. "Unatafuta nini wewe Skola?" "Pale ulipokonvinsiwa." Baba alicheka akaniweka mapajani. "Haionekani kwa macho," akasema. "Inakaa ndani." Na hapo, bila kujua, alisema kweli kuliko padri.

Lori lilikuja wiki hiyo hiyo. Waziri, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliharakisha. Alipanda kama mtu aliyeteuliwa. Karani aligoma. Alikita miguu, akageuza kichwa akatutazama, na Baba mwenyewe ndiye aliyemsukuma, anamwita kwa jina, anambembeleza, "Twende baba, twende mzee, twende." Nyumba nyingi za upande wetu zilitoa. Aliyebaki na jozi yake alikuwa jirani yetu Mzee Kalolo, na siyo kwamba alikuwa na akili kuliko wengine. Alikuwa kiziwi. Mgeni alikaa kwake mchana mzima akimnong'oneza utamu, mzee anaitikia "Eeh? Eeh? Ng'ombe wana nini?" mpaka sauti ya mafuta ikakauka. Baba alimhurumia sana. "Maskini Mzee Kalolo," alisema, "yeye hawezi kukonvinsiwa."

Mvua ikaja. Mnaijua mvua ya kwanza ya kwetu, haibishi hodi. Ardhi ikanuka vizuri kiasi cha kutaka kuila. Baba akakaa barabarani kwenye jiwe, mwenyekiti wa trekta, koti limelowa, anasikiliza. Kila ngurumo ya radi alisimama. Mvua ya pili ikaja. Ya tatu. Waliokuwa na ndugu vijiji vingine wakaazima ng'ombe kimyakimya, wakalima. Mzee Kalolo akalima, anawafokea ng'ombe wake mpaka watu wa Zambia wakasikia. Mashamba ya watu yakawa meusi, halafu yakaanza kuchora mistari ya kijani. Letu likabaki na nyasi za mwaka jana, kama mtu aliyeamka na nywele hazijachanwa.

Ndipo Baba akaondoka kwa miguu kwenda mjini kutafuta ng'ombe wake. Na siku hiyo watoto wakanizunguka kisimani.

"Baba yako kaingizwa mjini! Baba yako kaingizwa mjini!"

Sasa mtu wa leo anajua kuingizwa mjini ni kutapeliwa. Mimi nilijua mji ni mji. Nikawajibu kwa maringo, mikono kiunoni, "Ndiyo! Na atatuletea mkate, na nyie hamtapata hata ganda!" Walicheka wakalala chini kwenye tope. Nikaona wivu tu huo.

Alirudi baada ya siku nyingi. Nilimwona kwa mbali kwenye uwanda, kijiti kidogo kinachotembea, nikakimbia mpaka nikamfikia. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu ameshika mkononi. Nilimpekua mfuko wa kulia, nikampekua wa kushoto.

"Mkate uko wapi?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza kwa Kiingereza. "Mkate gani, mwanangu?"

"Si uliingizwa mjini?"

Baba alikaa chini, pale pale, katikati ya njia. Hakunipiga wala hakulia. Alikaa tu mpaka Mama alipokuja kumwinua.

Kuanzia hapo aliugua ugonjwa ambao hauna jina hospitalini. Alilala amegeukia ukutani, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Kihenge kilibaki na vumbi na panya mmoja mzee. Tulikula majani ya maboga, tukala uyoga, tukala kitu ambacho Mama alikataa kukitaja. Kilichobaki ni mbegu. Mahindi ya mbegu aliyoyachagua Baba mwenyewe mwaka uliopita yalining'inia juu ya moto yamekuwa meusi kwa moshi, na sisi chini yake tunayatazama kama Wakristo wanavyotazama msalaba. Nilikuwa nalia njaa, na Mama ananiambia, "Hizo si chakula, Skola. Hizo ni mwaka ujao. Tukiupika mwaka ujao, tutaishi wapi?"

Lakini mbegu bila shamba lililolimwa ni mapambo tu. Shamba letu la uwanda, lenye nyasi ngumu kama waya, jembe la mkono la mwanamke mmoja mwenye njaa lilikuwa linaruka juu yake kama linacheza. Mvua nazo zilikuwa zinahesabika. Zikipita hizo, ni kupika mbegu na kutawanyika kwa ndugu.

Mzee Kalolo akaja. Hakubisha hodi, viziwi hawana haja ya hodi. Alisimama mlangoni akapiga kelele: "BABA SKOLA! NG'OMBE WANGU WAMEMALIZA! CHUKUA ULIME!"

Sauti ikatoka chini ya blanketi: "Nani kamtuma huyu?"

"Hajatumwa na mtu," Mama akasema. "Ni jirani."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Ndivyo wanavyoanza."

Mama alipiga magoti kando ya kitanda. Mama hakuwa msemaji, alikuwa mtu wa maneno machache kama chumvi ya dukani, lakini siku ile alisema yote aliyokuwa nayo. Alibembeleza, akasihi, akataja mbegu, akataja mimi, akataja marehemu wote wa ukoo. Na Baba akajiinua ghafla, macho mekundu, akapiga kelele ambayo hata Mzee Kalolo aliisikia:

"Usinikonvinsi, Mama Skola! Kila mwenye mdomo ni mwizi! Usinikonvinsi!"

Mzee Kalolo akatazama huku na huku, akauliza, "KASEMAJE?" Kisha akajiondokea polepole na fimbo yake.

Mama akanyanyuka kutoka magotini, akaenda jikoni, akaishusha nira ukutani.

Nira ile aliichonga babu. Ilikuwa ndefu kuliko mimi, imelainika pale shingo za ng'ombe zilipokuwa zikisugua, na bado ilikuwa na manyoya mekundu ya Karani kwenye ufa mmoja. Mama aliibeba mpaka shambani, mimi nyuma yake naburuta mnyororo. Kisha akaenda kulileta plau. Akakunja kanga yake kama kata ya kubebea mtungi, akaiweka begani, akajivika nira upande wa Waziri.

"Njoo," akasema. "Wewe ni Karani."

Nikadhani ni mchezo. Jamani, nilifurahi! Nikaingia upande wangu, nikalia mooo. Mti ukanishukia shingoni, mzito kama mlango wa kanisa, na ukalala upande, kwa sababu mimi nilikuwa mfupi na yeye mrefu. Mama akakunja magoti. Akatembea hivyo, amechuchumaa nusu, ili nira ilale sawa na mzigo wote usinidondokee mimi. Tukavuta. Plau halikuwa na wa kulishika. Lilisimama kidogo, likaanguka, likatuburuta nyuma. Tukalisimamisha. Tukavuta. Mvua ikaanza, nyembamba, ya baridi, ile inayoingia kwenye mifupa. Nyuma yetu kulikuwa na mchoro kama wa kuku aliyepekua. Sikulia tena mooo. Nilimsikia Mama anavyopumua, nikageuza kichwa kumtazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba huu si mchezo, maana uso wake ulikuwa uso wa Karani siku ile mlangoni mwa lori.

Hakuita. Hakutazama nyumbani hata mara moja. Angeweza kupiga kelele, "Baba Skola, tuone!" na Baba angekuwa na jibu. Hakusema neno.

Sijui Baba alisimama pale mlangoni tangu saa ngapi. Nilipomwona alikuwa amejifunga blanketi, mvua inampiga. Akaja. Hakukimbia, alikuja kama mtu anayetembea ndani ya maji. Aliushika mti kwa mikono miwili upande wangu, akauinua kutoka shingoni kwangu, na mnyororo ukalia. Akaninyanyua akaniweka kando. Halafu akaja upande wa Mama. Mama hakutaka kuachia. Walibaki wameshikilia ule mti, wanatazamana, na mimi natetemeka kwenye nyasi nikiwaza sasa watapigana.

Baba akaacha blanketi likaanguka. Akaenda kwa Mzee Kalolo pekupeku, kwenye mvua, bila kusema kitu, na kwa kuwa mwenyeji wake alikuwa kiziwi, hapakuwa na haja ya kusema.

Tulilima tulichoweza. Mahindi yalichelewa, mengine hayakukomaa, na mwaka ule kila mtu kwetu alikuwa na shingo nyembamba. Ila mahindi mapya ya mbegu yalipanda juu ya moto pale pale walipokuwa wenzao. Waziri na Karani hatukuwaona tena. Na neno lile likabaki ndani ya nyumba kama tusi kubwa kuliko yote. Kaka wa Mama akileta hadithi ndefu ya pombe ya kimpumu, anaambiwa, "Shemeji, usinikonvinsi." Mimi nikidanganya kwamba nimeosha vyombo, "Skola, unanikonvinsi?" Ndivyo nilivyokwenda nalo mpaka mjini, mpaka ukubwani, mpaka darasani kwa yule kijana na chaki yake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda kijijini. Mama alishatangulia mbele za haki. Nira yake bado ipo ukutani jikoni, nyeusi tii. Baba yupo, amezeeka, na masikio yake sasa yamefuata ya Mzee Kalolo. Nilimkuta uani anaota jua.

"Shikamoo, Baba."

"Eeh?"

"SHIKAMOO!"

"Marahaba. Shule wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Nimekuja kukuambia maana ya konvinsi."

Uso wake ukafunga kama duka. Nikasogea mpaka sikioni, nikapiga kelele, na nina hakika Kaengesa nzima ilipata somo la bure. Nikamweleza kwamba mwalimu amesema si kuiba. Si kudanganya pia. Hilo lina neno lake. Konvinsi ni mtu akubali moyoni mwake, mwenyewe, kwa sababu ameona ni kweli.

Baba alizungusha fimbo vumbini. Nikadhani hakusikia. Nikavuta pumzi nianze upya.

"Nimesikia," akasema. "Kwa hiyo yule bwana hakunikonvinsi."

"HAPANA, BABA."

Akageuza kichwa taratibu, akatazama mlango wa jikoni, kule ndani gizani penye ukuta.

"Basi ni mama yako," akasema.